Njia ya Zege ya Solomoni, Mnyapara wa Miche

Jumatatu, 2 Septemba 1912

Hanna ameondoka. Amekwenda kwa baba yake, Mzee Sumari, juu mlimani, mwendo wa asubuhi nzima. Amechukua kanga mpya, kisu cha kumenyea ndizi na kuku mwekundu. Mimi ameniachia paka.

Niandike jinsi ilivyokuwa, nisije nikasahau upande wangu. Jana baada ya kanisa Hanna alikuwa anarudi nyumbani na chungu cha maji kichwani. Mimi nyuma yake. Mbele ya nyumba yetu njia ina tope. Tope lile linatokana na kijifereji nilichokichimba mwezi uliopita, ili migomba yangu inywe kidogo hata siku ambazo si zamu yangu ya maji. Fikra nzuri sana. Ina kasoro moja: kijifereji kinakata njia. Hanna akateleza, akaangukia mkono. Nikapaza sauti: chungu kimepona?

Hakikupona. Mkono nao uliteguka, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Alipokuwa anafunga mzigo nilimwuliza kosa langu ni nini. Akasema njia hii na wewe ni kitu kimoja. Kutwa nzima leo nimeyachambua maneno yale. Sasa nimeelewa. Tatizo ni njia.

Jumanne, 3 Septemba

Kazi yangu ni unyapara wa miche ya kahawa, katika shamba la Mdachi mmoja ng'ambo ya mto Tengeru. Watu wanamwita Bwana Kifimbo, maana haachi kifimbo chake hata akinywa chai. Daftari hili alinipa niandike idadi ya miche. Miche nitaihesabu kichwani.

Leo nimeichunguza njia yake. Inatoka langoni mpaka barazani, pana, ya kijivu, ngumu. Aliijenga Julai kwa ajili ya gari lake la ng'ombe. Nilikuwepo ilipomwagwa, laini kama uji wa mgonjwa. Leo ni jiwe. Sasa niambiwe: uji umekuwaje jiwe? Nimeigonga kwa kisigino. Nimeimwagia maji. Mwisho nimeinama nikailamba. Ina ladha ya jivu.

Bwana Kifimbo alikuwa barazani, ananitazama. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia mche umepotea.

Nimeamua. Nitajenga njia ya namna ile nyumbani kwangu, na Hanna atarudi. Jirani yangu Elisaria amesikia, akaja kusema mawe ya mtoni yapo tele, atanisaidia kuyapanga asubuhi moja tu, kama alivyopanga njia yake. Ni kweli mkewe Lydia hajawahi kuteleza. Lakini mawe! Mawe kila mtu anayo. Akaniuliza pia njia pana ya nini wakati gari sina. Nikamjibu kwamba gari hufuata njia. Sijaona njia ikifuata gari.

Alhamisi, 5 Septemba

Mungu si Athumani. Lesikar, yule Mwarusha anayeendesha gari la ng'ombe la shamba, amerudi kutoka Moshi, ambako reli imefika. Alikuwa amebeba mapipa ya saruji. Kwenye kivuko ng'ombe mmoja alikataa, gari likainama, na mapipa mawili yakaingia majini. Bwana Kifimbo ameyatazama, ameyapiga kifimbo, amesema yatupwe. Nikaomba nitupiwe mimi.

Lesikar ameyaleta mpaka nyumbani kwa malipo ya mkungu mmoja wa ndizi. Tumelifungua la kwanza. Ajabu. Pembeni saruji imeshakuwa jiwe, imeshika umbo la pipa. Katikati bado ni unga mkavu. Kumbe haingoji ruhusa ya mtu. Ikiguswa na maji tu inakata shauri.

Lesikar hakushangaa. Amesema mama yake anasiriba nyumba kwa samadi ya ng'ombe, na hajawahi kuhitaji kitu chochote kutoka Moshi.

Jumamosi, 7 Septemba

Majaribio. Nimechukua vigae vinne vya kile chungu cha Hanna, ili visipotee bure. Kila kigae nimekitilia saruji na mchanga. Cha kwanza nimekichanganya na maji. Cha pili maziwa. Cha tatu mkojo wa ng'ombe, kwa ushauri wa Lesikar. Cha nne pombe ya ndizi.

Nimekaa navyo mpaka jioni. Nimegundua jambo: saruji ikishika maji inapata joto. Hakuna moto, hakuna jua, lakini mkono unasikia. Nani anayeiwasha? Nimemwuliza Elisaria, aliyekuwa anapita na jembe. Amesema hajui, kisha akachuchumaa na yeye akaweka mkono. Tulikaa hivyo muda mrefu bila kugombana. Halafu akakumbusha habari ya mawe ya mtoni, nikasimama.

Jumatatu, 9 Septemba

Matokeo. Cha maji: jiwe kabisa. Nimekipiga nyundo, nyundo ikarudi gotini kwangu. Cha maziwa: kigumu, ila kinanuka, na paka habanduki hapo. Cha mkojo: kigumu, hata paka hakisogelei. Cha pombe: uji. Siku mbili, bado uji! Kwa nini? Pombe nayo si maji? Sijui. Nimeandika kwa herufi kubwa ubavuni mwa pipa: POMBE HAPANA.

Lydia ametoka mlimani na ujumbe wa Hanna. Mkono umefungwa kwa ganda la mgomba. Hanna anasema Solomoni aje mwenyewe, na jani.

Jani maana yake ni jani la isale, ule mmea wa kupanda mipakani. Kwetu Meru ukimkosea mtu unampelekea isale, na yeye akipewa hawezi kukataa kusamehe. Hilo kila mtoto analijua. Lakini kupeleka isale ni kusema nimekosa. Na hapa iliyokosa ni njia.

Jumatano, 11 Septemba

Njia yangu ina upana wa hatua moja. Gari linataka mbili. Kushoto kuna nyumba. Kulia kuna mpaka wa Elisaria, na mpaka wenyewe ni mstari wa masale, yaliyopandwa na babu yangu na babu yake siku moja.

Nimeyang'oa. Kumi na saba. Niliwapa mbuzi, mbuzi wakakataa. Nikataka kuyachoma, yakakataa. Nimeyatupa mtoni. Hatua moja ya ardhi, nani ataipima? Tena hakuna aliyeniona.

Isipokuwa Elisaria, aliyekuwa amesimama nyuma ya migomba yake. Akauliza kama masale yalikuwa yanaumwa. Nikasema ndiyo. Akasema pole.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku kubwa. Wanaume wanane wamekuja kunisaidia. Niliwaandalia mtungi mkubwa wa pombe ya ndizi, nikauficha nyuma ya nyumba kwa heshima ya mwalimu wa kanisa. Kipimo kama cha Bwana Kifimbo: saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Tumechanganya kavu, lundo zuri. Nikaenda kufungua mfereji.

Mkavu! Jumamosi ni zamu ya Elisaria. Nimeijua zamu hiyo tangu nazaliwa, ila nilikuwa nafikiria zege. Alikuwa amekaa pale juu maji yanapogawanyika, jembe magotini. Wanaume wakaniambia nikamwombe, ni neno moja tu, atatoa. Kuuliza si ujinga, wakasema. Najua si ujinga. Ni Elisaria.

Tukatumia maji ya mitungi ya nyumbani. Yametosha kutoka mlangoni mpaka karibu na lango. Zikabaki hatua sita, na lundo bado, na maji kwisha. Hapo nikaukumbuka ule mtungi mwingine.

Niliona maandishi yangu kwenye pipa. Siwezi kusema sikuyaona. Lakini nilitafakari: pombe ya jaribio ilikuwa chachu. Hii ni mbichi, tamu, ya jana. Si kitu kimoja. Nikaumimina mtungi wote. Wanaume wawili wakaondoka bila kuaga. Wa tatu alivua kofia.

Tumefunika zege kwa majani ya mgomba. Bwana Kifimbo lake alilinywesha maji siku saba. Hapo pia sielewi. Unanywesha nini kitu unachotaka kikauke?

Jumatatu, 16 Septemba

Upande wa juu ni jiwe! Nimetembea juu yake mara kumi na mbili, kwa viatu na bila viatu. Nilitamani Hanna angekuwepo anione. Paka aliniona.

Upande wa lango ni uji. Nyuki wamekuja, na nzi, na watoto wa njiani kuja kunusa. Jioni ng'ombe wa Elisaria akaja kwa harufu, akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, akalamba, akaondoka. Mashimo manne.

Nilikasirika kwa muda mfupi. Halafu nikafurahi. Elisaria amenikosea, na mashahidi wapo. Kesho nitamdai maji ya Jumamosi mpaka Krismasi. Nimetunga maneno makali, nimeyarudia mbele ya paka, yamekaa sawa.

Jumanne, 17 Septemba

Elisaria amenitangulia. Jua halijatoka vizuri yuko langoni na wazee watatu, amevaa koti, ameshika isale. Si jani tu. Shina zima na majani yake. Kabla sijafungua mdomo akasema ng'ombe wake amenikosea, anaomba msamaha. Wazee wote macho kwangu.

Nitafanya nini? Nikasamehe. Maneno yangu makali yote nikayameza bila maji.

Akashukuru. Akasema isale kama hili si la kuachwa linyauke, tulipande hapa, tukumbuke ujirani. Akatazama ardhi kwa jicho moja, akahesabu hatua kutoka ukuta wa nyumba yangu, akalichomeka kwenye uji. Palepale yalipokuwa masale ya babu yake na babu yangu. Katikati kabisa ya njia yangu. Wazee wakapiga makofi. Mmoja akasema sasa mpaka umepona.

Isale la amani haling'olewi. Hilo nalo kila mtoto analijua. Mpaka sasa nashindwa kuelewa kama Elisaria ameniomba msamaha au amenisamehe.

Ijumaa, 20 Septemba

Hata uji wa pombe umeshika leo. Umechukua siku sita, lakini umeshika. Pombe inachelewesha, haikatazi! Nimefuta HAPANA kwenye pipa, nimeandika POLEPOLE. Isale nalo limeshikwa humohumo, limesimama wima kama askari wa boma.

Lesikar alikuja na gari kuifungua njia. Ng'ombe wakafika kwenye isale, wakasimama. Nikamwambia apite juu yake. Akakataa kabisa. Amesema hata kwao Waarusha mtu akishika nyasi mkononi humpigi, sembuse jani la watu lililopandwa. Gari likarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Ng'ombe kurudi kinyumenyume ni jambo gumu kulitazama.

Halafu akanipa habari mbaya. Alipita kwa Mzee Sumari jana. Mvua za vuli zinakaribia, na mzee anamwuliza binti yake kama amtengee kishamba. Hanna akipanda kule, atakaa kule mpaka avune. Akishavuna, nani atamwambia arudi kwenye nyumba ya paka?

Nimekaa chini. Nyumba ni kubwa sana bila yeye. Nimepika ndizi wiki tatu na zote zimeungua upande mmoja. Kesho naenda. Itabidi niende na jani, maana bila jani mzee hatanipa hata kigoda. Litakuwa kama barua ya kuingilia tu, nikafika nikaeleza habari ya zege.

Lakini jani nitalitoa wapi? Masale yangu kumi na saba yako mtoni, sasa pengine yamefika mbali bondeni. Yaliyobaki karibu ni ya Elisaria, na kuyapata ni lazima kuomba. Nimezunguka nyumba mara tatu. Mwisho nimekwenda pale katikati ya njia, nimechuma jani moja. Nilitazama kwanza huku na huku. Elisaria alikuwa nyuma ya migomba. Akajifanya anatafuta kuku.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimefika kwa Mzee Sumari saa sita mchana. Shikamoo baba. Marahaba. Nimempelekea zawadi, kile kigae cha kwanza, jiwe safi. Akakigeuzageuza, akakiweka chini, akaweka juu yake kopo lake la ugoro.

Nikaanza kueleza. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Joto lisilo na moto. Upana wa hatua mbili. Nilieleza vizuri sana, nadhani nusu saa. Mzee akauliza kama nimemaliza. Nikasema bado kidogo.

Hapo ndipo nikamwona Hanna. Alikuwa amekaa mlangoni, anamenya ndizi. Ndizi ameibana kwa goti, kisu mkono mmoja, na mkono ule mwingine umelala mapajani, umevimba. Ndizi ikamponyoka, ikabiringika. Akainama kuifuata, akaiokota, akaibana tena. Hakunitazama.

Nilisikia vibaya. Vibaya kweli. Sikuwa nimeuona mkono ule tangu siku ile. Maneno ya kokoto yakaniishia. Nikaenda, nikapiga goti, nikampa jani, limekunjamana kwa jasho. Nikamwuliza: unauma?

Akasema unauma. Akasema swali hilo limechelewa siku ishirini. Akalipokea jani.

Jumanne, 1 Oktoba

Hanna yuko nyumbani, na kuku mwekundu, na ndizi haziungui. Mkono unapona. Paka amekonda kwa wivu.

Njia ameiona. Ameizunguka, ameigusa kwa kidole cha mguu, akacheka alipofika kwenye isale. Akacheka sana, mpaka akashika ukuta. Halafu akapita pembeni, kwenye udongo. Anasema zege linachoma miguu mchana. Ila amelipatia kazi: ameanika ulezi. Lydia naye amekuja kuanika wa kwake, upande wa pili wa isale, maana upande ule ni wao. Wanakaa hapo kutwa wakizungumza. Mimi nikitaka kupita kwenye njia yangu naambiwa nizunguke.

Elisaria anasema Hanna amerudishwa na jani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jani la nini! Mwanamke aliondoka kwa sababu ya njia, njia imejengwa, amerudi. Hesabu ndogo.

Hanna ameniomba jambo moja tu. Nikizibe kile kijifereji, maana sasa kinapita juu ya zege na zege linaota ukijani. Nimesema kesho. Kwanza nataka kujua ukijani unaotaje kwenye kitu kisicho na udongo. Nimekwangua kidogo, nimeweka kwenye kigae cha pili ili niuangalie.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nilikuwa mlangoni na kigae changu. Ukijani unazidi! Hanna akawa anakuja kutoka sokoni na chungu kipya, ulezi umeshaanuliwa, akaona apite juu ya zege mara moja tu. Akafika kwenye ukijani. Miguu ikaenda mbele, yeye akabaki nyuma. Chungu kikapasuka kwa mshindo ambao tope halijawahi kuutoa.

Nikakimbia. Nikainama. Nikapapasa kwa mikono miwili kila mahali chungu kilipopigia. Nikapaza sauti kwa furaha, nakiri kwa furaha: zege halina hata ufa!

Nilipoinua kichwa, Hanna alikuwa ameshafika langoni na kuku mwekundu kwapani. Nikamwambia nitakiziba kesho asubuhi. Hakugeuka. Lydia ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mkono haukuumia tena, ameumia nyonga.

Nimewaza kutwa. Sasa nimeelewa. Tatizo ni utelezi. Baraza la Bwana Kifimbo lina bomba la chuma la kushikilia, kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, na Lesikar anakwenda Moshi Jumatatu. Bomba kama lile, pande zote mbili, na hakuna mtu atakayeanguka.

Jioni nimekwenda kulitazama isale. Limeshika vizuri. Nimehesabu majani mara mbili, yako tisa. Yatatosha.